Kabati za jikoni za mninga: msasa na rangi upya, au ning'oe niweke MDF?

#1 Njiwa wa Tabata
Wakuu salaam. Tumehamia nyumba ya zamani kidogo, ya miaka ya 90. Kabati za jikoni ni mninga mtupu, milango hadi fremu. Vanishi yake imekuwa nyeusi kuzunguka vishikio na juu ya jiko, na upande wa sinki mbao imepauka kabisa. Bawaba nusu zimeshika kutu. Mama watoto anataka jiko jeupe.

Fundi wa kwanza kasema ng'oa zote, weka MDF nyeupe (zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), wiki moja kazi imekwisha. Wa pili kaangalia, kagonga mlango kwa vidole, akasema ukiing'oa hii utakuja kulia, piga msasa upake rangi tu. Kinachonitisha ni kwamba dada yangu wa Mbagala alipakiwa zake nyeupe, na mwaka haukuisha rangi ikaanza kutoka vipande vizima, unavuta kwa ukucha.

Swali: kwa nini rangi ya kabati la jikoni inabanduka wakati ya dirisha inakaa miaka? Nawasilisha.

#2 kitunguu maji
Ngoja waje mafundi. Nimeshaweka kiti.

#3 Mzee wa Keko
Nimeshika msasa Keko tangu kijana. Adui wa kwanza ni mafuta. Jikoni kunakaangwa kila siku, ule mvuke unapanda na kukaa kwenye milango, zaidi ile ya juu ya jiko na pale mikono inaposhika. Fundi akija na msasa moja kwa moja anayasukuma mafuta ndani ya vinyweleo vya mbao. Hapo rangi imeshika mafuta, haijashika mbao, na siku moja itaachia.

Kwa hiyo osha kwanza. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, au magadi kidogo, suuza vizuri, acha ikauke, NDIPO msasa. Toa milango yote, toa bawaba na vishikio. Andika namba ya kila mlango ndani ya kile kitako kilichochongwa cha bawaba, hapo msasa haufiki, haitafutika. Mtu asipoandika namba siku ya kurudisha ni ugomvi, maana milango ya zamani haikukatwa kwa mashine, kila mmoja unajua tundu lake.

Msasa anza na 120 kama vanishi ni nene, kisha 180, malizia 240. Usikimbilie 80, inaacha mikwaruzo utakayoiona chini ya vanishi hadi unakufa. Fuata nyuzi za mbao, usizungushe mkono kama unasugua sufuria.

Na mninga kuupaka rangi nyeupe ni dhambi. Nimemaliza.

#4 Rangi Mbili
Mzee wa Keko heshima yako, ila mafuta unayapa lawama kuliko yanavyostahili. Mimi nauza rangi. Wanaorudi dukani kulalamika, wengi wamepaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta au vanishi inayong'aa, bila kukwaruza, bila andakoti, ile safu ya chini ya kushikisha rangi. Rangi ya maji haipati mahali pa kung'ang'ania. Inakauka, inakuwa ngozi iliyokaa juu tu. Ndiyo maana ya dada yake inatoka vipande vizima. Ingekuwa mafuta pekee ingetoka mabaka mabaka pale palipo na mafuta.

Njiwa, mwambie dada achukue pamba, alowanishe na spiriti, asugue sehemu iliyojificha. Ikilainika na kuchafua pamba, ni rangi ya maji. Isipotikisika, ni ya mafuta.

#5 Dada Mkaanga Samaki
Mnajitesa bure. Kuna zile stika za kubandika, za marumaru, za mbao, nyeupe pia zipo. Jioni moja unamaliza jiko lote, mume akirudi anadhani kapotea nyumba.

#6 Bisibisi
@Dada Mkaanga Samaki stika juu ya mninga? Kuna watu wanahitaji kuombewa.

#7 kitunguu maji
Mende wakishajua kuna stika wanaitana ukoo mzima. Nyuma ya stika kuna joto, giza, na gundi ya kula.

#8 Dada Mkaanga Samaki
Mende wako ni wa uchafu wako, usiwasingizie stika zangu 😂 Zangu zina mwaka wa pili. Imekunjuka pembeni ya jiko tu.

#9 Bi Mkunazi
Asalaam alaykum. Mie niko Unguja. Hamjamuuliza dada yake alipaka mwezi gani. Huku kwetu ukipaka masika ujue umepoteza pesa. Mbao inakunywa unyevu wa hewani, unaifungia ndani kwa rangi, jua likirudi ule unyevu unatafuta pa kutokea. Rangi inavimba, kisha inapasuka. Mafuta yapo kila jiko duniani, mbona kwengine haibanduki?

Na bawaba za chuma usirudishe hata ukizisugua vipi, hewa ya chumvi itazila tena na kutu litachirizika kwenye rangi nyeupe. Nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu, chache lakini nzuri.

#10 Mtoto wa Mufindi
Bi Mkunazi yuko sahihi kuhusu unyevu, ila kwa mninga hoja hiyo inapungua nguvu. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazotulia sana, haivimbi na kunywea ovyo. Hoja yako ingefaa zaidi kwa paini mbichi. Huku kwetu Sao Hill zinatoka paini nyingi, na kuna mafundi wanazichonga kabati kabla hazijakauka. Hapo hata rangi ya ndege haitakaa.

Na Mzee wa Keko, ongeza onyo. Kuna watu wana kabati zilizotengenezwa kwa mbao za dawa, zile za kijani za kupaulia. Nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Ukipiga msasa ndani ya nyumba, vumbi hilo mnalila na watoto. Hizo msifufue, ondoeni.

#11 Mzee wa Keko
Kweli kabisa kijana. Na vumbi la mvule nalo usilichezee, linawasha pua na ngozi. Vaa barakoa hata kama mbao ni safi.

#12 Seremala Mstaafu
Naona mnabishana kuhusu rangi mpya, hakuna aliyeuliza kilichopo chini yake ni nini. Nyumba ya miaka ya 90 inaweza kuwa na vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina tabia yake.

Chukua kitambaa cheupe, weka spiriti, gusa nyuma ya mlango mmoja, subiri kidogo, sugua. Ikianza kunata na kuyeyuka, hiyo ni polishi ya shelaki, ile ya kizamani waliyokuwa wakisugua kwa kidonge cha pamba. Isipoyeyuka, jaribu tina (kiyeyusho) ya NC, yaani nitroselulosi. Ikiyeyuka, ni vanishi ya kupulizia ya NC. Isipoyeyuka kwa chochote, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, hiyo ni ya msasa tu au kivua rangi.

Faida yake ni hii: kama ni shelaki au NC, hulazimiki kukwangua mpaka mbao. Safisha, kwaruza kidogo kwa stilwaya laini, pulizia au sugua safu mpya ya aina ile ile, inayeyuka na kuungana na ya chini. Yale mabaka meupe ya maji na sufuria ya moto yanaweza kuondoka hivyo hivyo. Watu wanakwangua vitu ambavyo vingepona kwa siku moja.

#13 Rangi Mbili
Sawa mzee, lakini shemeji anataka JEUPE. Shelaki mpya juu ya shelaki ya zamani haitampa jeupe.

#14 Seremala Mstaafu
Basi ajiandae na manjano. Mninga na mkongo zina rangi yake ndani, ukipaka nyeupe bila kizuizi ule wekundu na unjano unapanda taratibu, baada ya miezi unaona mabaka kwenye mafundo. Kinachozuia ni safu ya shelaki isiyo na nta chini ya andakoti. Fundi asiyejua hili atapaka safu ya nne, ya tano, na mabaka yatazidi kurudi.

#15 Mkaaji wa Rongai
Jameni, huku Kenya mtu akiwa na kabati za mbao ngumu kama hizo hawezi kuzing'oa. Tangu lile katazo la kukata miti misitu ya serikali, lililoanza Februari 2018 mpaka lilipotangazwa kuondolewa 2023, tulizoea kutengeneza na ubao tulionao. Kwangu ni saiprasi, si mbao ya maana sana, lakini tulizipaka upya na bado ziko. Yule fundi wa MDF anajitafutia kazi, hakuna kingine.

#16 Fundi Kompresa
Nimeitwa na uzi huu. Brashi na rola ndiyo sababu mnapata kazi mbovu. Alama za brashi, vumbi, safu nene. Pulizia NC nyeupe, dakika chache imekauka, kesho milango inarudi. Kabati nyingi mnazoziona kwenye nyumba za kisasa ni hivyo.

#17 Rangi Mbili
@Fundi Kompresa unakausha haraka, na kweli inapendeza. Ila NC jikoni? Joto la jiko na maji ya sabuni yanailainisha. Na ukipulizia Dar siku ya unyevu mwingi inakuwa na ukungu mweupe, mtu anadhani ni vumbi. Kwenye meza ya sebuleni sawa. Juu ya rangi ya mafuta ya zamani ndiyo balaa, tina yake inaikunja ya chini kama ngozi ya mzee. Jiko ni la poliyurethani ya vijenzi viwili, au rangi nzuri ya mafuta.

#18 Fundi Kompresa
Ukungu unaondoka ukiongeza tina ya polepole. Anayepuliza mvua ikinyesha ni mjinga, tusimlaumu NC. Na hayo ya mafuta ni ya kweli, ndiyo maana fundi anauliza kwanza.

#19 Bisibisi
Fundi anayeuliza kwanza? Huyo anapatikana mtaa gani? Wangu alisema "niko njiani" tangu asubuhi, jioni naona kaweka picha yuko harusini.

#20 kitunguu maji
Hahaha. Na milango yote imeshatolewa, vyombo viko uchi, wageni wanaingia.

#21 MamaTwiga
Wanaume mnachekesha. Njiwa, muulize mke wako anataka jeupe kwa sababu gani. Mimi nilitaka jeupe kwa sababu jiko langu lilikuwa giza. Tulipoweka taa chini ya kabati za juu na kupaka ukuta rangi nyepesi, hamu ya kupaka mbao ikaisha yenyewe. Vanishi imekuwa nyeusi, jiko lina dirisha dogo, hapo hata mninga mpya utaonekana kama jeneza.

Mkitaka katikati, ya chini ibaki mbao, ya juu iwe nyeupe. Uchafu unaokwenda chini hauonekani.

#22 Njiwa wa Tabata
Ahsanteni wakuu. @MamaTwiga kweli dirisha ni dogo, na linatazama ukuta wa jirani. Nimempigia dada: kabati zake siyo mbao, ni MDF iliyovikwa ile ngozi ya plastiki. Fundi alipaka rangi ya mafuta juu ya ngozi.

#23 Rangi Mbili
Basi tumebishana hewani siku nzima 😂 Hiyo ngozi ni laini kama sahani, haishiki chochote bila praima maalumu.

#24 Bi Mkunazi
Si hewani. Ngozi nayo inaachia MDF kwa joto, hasa pembeni ya jiko. Huenda kilichobanduka ni ngozi pamoja na rangi yake. Mwambie ageuze hicho kipande atazame nyuma. Akiona gundi kavu, ngozi ndiyo imetoka, rangi haina kosa.

#25 Mzee wa Keko
Nyote mnakimbia mafuta. Hizo kabati zilioshwa au hazikuoshwa kabla ya kupakwa?

#26 Njiwa wa Tabata
Alisema fundi "alifuta na kitambaa".

#27 Mzee wa Keko
Nimemaliza tena.

#28 Mmatumbi wa Minnesota
Habari zenu. Niko Marekani, huku hii ni biashara kamili. Kuna njia ya tatu hamjaitaja: unaacha maboksi na fremu, unabadilisha milango na uso wa droo tu. Maboksi yenu ni mninga, kiini chake mchwa hawaupendi, hayaendi popote. Chonga milango mipya ya mbao nyepesi au MDF, hiyo ndiyo upake nyeupe, na ile ya mninga ihifadhi. Mke akibadili mawazo unarudisha.

La pili, kama nyumba ina rangi ya mafuta ya zamani mahali popote, usiisage kwa mashine kavu kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, ile metali yenye sumu. Huku zilikatazwa majumbani mwaka 1978. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Lowanisha, tumia msasa wa maji, watoto wawe mbali. Na kivua rangi chenye methilini kloraidi kilikatazwa kuuzwa kwa watu wa kawaida huku mwaka 2019 kwa sababu watu walikuwa wakifia bafuni wakikwangua mabafu. Mkikipata dukani, tumieni nje, siyo jikoni.

#29 Fundi Kompresa
Na zimeni jiko la gesi mkipuliza au mkitumia tina. Mvuke wake unatambaa chini ukitafuta moto.

#30 Mhasibu wa Ukoo
Hakuna aliyepiga hesabu. Njiwa una milango mingapi?

#31 Njiwa wa Tabata
14. Mingi ni kama sentimita 45 kwa 70.

#32 Mhasibu wa Ukoo
Pande zote mbili ni karibu mita za mraba 9. Ongeza fremu na nyuso za droo, sema 12. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika kama mita 10 hadi 12 kwa safu. Andakoti moja na safu mbili za juu, galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki, andakoti lita 2. Fundi akikuandikia galoni tatu ujue anapaka na kwake.

Gharama iko kwenye mikono na bawaba. Kwa MDF mpya unalipia mbao, ukingo, bawaba, reli za droo, na mara nyingi na juu ya kabati pia, kwa sababu wakati wa kung'oa vigae vya juu ya sinki vinapasuka. Hilo fundi wa wiki moja hakulitaja.

#33 Mtoto wa Mufindi
Nakazia. Na MDF chini ya sinki ni suala la muda. Maji yakiingia kwenye ukingo usiozibwa inavimba, na ikishavimba hairudi. Ukilazimika, ukingo wa chini uzibwe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya praima, na kabati likae juu ya miguu.

#34 Dada Mkaanga Samaki
Au stika.

#35 Bisibisi
Moderata uko wapi.

#36 Njiwa wa Tabata
Leo nimejaribu kipimo cha Seremala Mstaafu. Milango ya juu inayeyuka kwa spiriti, inanata kabisa. Ya chini haiyeyuki kwa spiriti wala tina. Halafu kwenye boksi la sinki, upande ambako mbao ni nyeupe nyeupe, nimeona vitundu vidogo kama vya pini.

#37 Seremala Mstaafu
Basi kuna mtu alishazifufua za chini kabla yako, akapaka vanishi ya mafuta. Ya juu ni polishi ya mwanzo. Mimi ningeacha za juu, ningezisafisha na kuzisugua shelaki mpya tu.

Vitundu viko kwenye weupe wa nje wa mti, huo ndio wadudu wanaoupenda, kiini hawakigusi sana. Tandika karatasi nyeusi chini, acha wiki. Ukikuta unga mpya, wadudu wapo. Usipokuta, ni makazi ya zamani, ziba kwa unga wa mbao na gundi uendelee.

#38 Rangi Mbili
Shelaki juu ya jiko, mzee? Sufuria ya uji ikichemka tu inaacha alama. Kama za juu ni shelaki, piga safu nyembamba ya shelaki isiyo na nta halafu poliyurethani juu yake.

#39 Seremala Mstaafu
Imekaa tangu miaka ya 90 hapo juu ya jiko, kijana. Imechafuka, haijafa.

#40 Mzee wa Keko
Njiwa, ukiosha kwa magadi suuza mara mbili na maji yenye siki kidogo. Niliandika #3 nikasahau kusisitiza.

#41 Mtoto wa Mufindi
Tena hilo ni kubwa kuliko ulivyolisema, mzee. Magadi yakibaki kwenye vinyweleo yanaila rangi ya mafuta kutoka chini, inageuka sabuni. Inawezekana kabisa kabati nyingi zinabanduka kwa sababu zilioshwa vizuri na zikasuuzwa vibaya. Na magadi makali huweusha mbao.

#42 Mzee wa Keko
Sasa mafuta hayana kosa, wa kulaumiwa ni magadi?

#43 Bi Mkunazi
Na masika?

#44 Bisibisi
Na fundi?

#45 Mkaaji wa Rongai
Mkisharudisha milango msifunge kwa wiki mbili tatu za mwanzo, weka kipande cha karatasi katikati. Rangi ya mafuta ikishikika kwa mkono bado haijakomaa ndani. Zangu ziligandana na fremu, tukazivuta, rangi ikang'oka kwenye kona. Haikuwa mafuta wala magadi wala mvua.

#46 Njiwa wa Tabata
Mama watoto kasoma uzi wote. Anasema za juu zibaki, za chini atafikiria, na taa za MamaTwiga ziwekwe kesho. Karatasi nyeusi sikupata, nimetandika mfuko wa rambo mweusi chini ya sinki.

#47 Fundi Kompresa
Za chini nipigie, nitapulizia.

#48 kitunguu maji
Mkiamua kung'oa hizo za chini, milango ya mninga naichukua mimi. Nilipe kiasi gani?

#49 Mhasibu wa Ukoo
Usimwuzie kabla hujapima unene. Kama ni inchi moja kamili, bei inabadilika.